Nyasi, moto na korongo wa mwisho wa bonde la Lambwe

MBUGA ya Kitaifa ya Ruma, iliyoko Kaunti ya Homa Bay, ina ukubwa wa kilomita mraba 120 pekee. Haina sifa ya misafara ya nyumbu inayowavuta watalii hadi Maasai Mara, na wageni wengi wanaozuru eneo la Ziwa Viktoria huipita bila kujua ipo. Hata hivyo, hapa ndipo mahali pekee nchini Kenya ambapo korongo bado anaishi porini. Katika sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka wa 2021, korongo waliohesabiwa walikuwa 15. Katikati ya miaka ya 1970, bonde hilo hilo lilikuwa na zaidi ya 200.

Jina la mnyama huyu huwachanganya wengi, kwani korongo pia ni ndege mwenye miguu mirefu, na tena ni genge lililochimbwa na maji ya mvua. Korongo wa Ruma ni swala, mmoja wa swala wakubwa zaidi barani Afrika. Ana rangi ya kahawia iliyopauka, uso wenye mabaka meusi na meupe mithili ya barakoa, masikio marefu, na pembe zilizopinda kuelekea nyuma, kwa dume na kwa jike. Chakula chake ni nyasi. Kwa sababu hiyo, kumhifadhi korongo ni kuhifadhi nyasi kwanza.

Neno mbuga lenyewe, kabla ya kutwaliwa na wahifadhi, lilimaanisha uwanda wa nyasi wenye udongo mweusi unaoshika maji wakati wa masika. Kwa maana hiyo ya kale, Ruma ni mbuga kweli kweli. Sehemu kubwa ya sakafu ya bonde ni nyasi zilizotapakaa migunga na mijunju, huku vichaka vizito vikifuata mikondo ya maji. Upande wa kusini mashariki kuna mteremko mkali wa Kanyamwa, na upande wa kaskazini vilima vya Ruri.

Mvua inayonyesha hapo ni kati ya milimita 1,200 na 1,600 kwa mwaka, na hapo ndipo kazi ya msimamizi inapoanzia. Katika nyika kavu kama Tsavo, ukame wenyewe huizuia miti isisongamane. Ruma ina maji ya kutosha kukuza kichaka kizito karibu kila mahali. Nyasi zake hubaki nyasi kwa sababu moto au kinywa cha mnyama huikata miche ya miti kabla haijapata nguvu. Vikikosekana viwili hivyo kwa miaka kadhaa, uwanda hufungika. Kuiacha ardhi ya aina hii ijitunze yenyewe ni kuchagua kichaka badala ya nyasi.

Serikali ilitenga eneo hilo mwaka wa 1966 likiitwa Hifadhi ya Wanyama ya Bonde la Lambwe, nia kuu ikiwa kumlinda korongo. Lilipandishwa hadhi kuwa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1983. Kabla ya askari wa wanyamapori kufika, mlinzi wa bonde alikuwa mbung'o, aliyeeneza malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo, hivyo watu wengi wakaliogopa. Hata baada ya hifadhi kuundwa maradhi hayakukoma. Mlipuko mkubwa wa malale ulilikumba bonde hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Zamani, vita dhidi ya mbung'o katika Afrika Mashariki vilimaanisha kufyeka vichaka na hata kuwapiga risasi wanyamapori. Kule Shinyanga, Tanganyika, katika miaka ya 1920, mtaalamu C. F. M. Swynnerton alijaribu kuchoma nyasi mwishoni mwa kiangazi ili moto mkali uharibu vichaka vinavyompa mdudu huyo kivuli. Leo silaha zinazotumika zaidi ni mitego na vitambaa vya rangi ya samawati na nyeusi vilivyotiwa dawa, ambavyo mbung'o huvifuata, hasa vikiwekewa harufu kama ya mkojo wa ng'ombe. Mnamo Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilithibitisha kwamba Kenya imetokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Ni ushindi usio na kifani kwa wakazi wa Lambwe. Kwa upande wa mbuga, hata hivyo, kupungua kwa hofu ya mbung'o kuliruhusu mashamba na malisho ya ng'ombe kusogea hadi mpakani. Wanyama waliokuwa wakitembea kote bondeni sasa wana eneo lile lile dogo, mwaka baada ya mwaka, na nyasi zilizomo humo ndizo zao zote.

Chombo kikuu cha kutunza nyasi hizo ni moto. Moto una sifa mbaya nchini, na si bila sababu, kwani misitu ya Mlima Kenya na Aberdare imeteketea mara nyingi. Lakini nyasi za kundi la Themeda triandra, zinazogeuka rangi ya kutu zinapokomaa, hudhoofika zisipochomwa wala kuliwa. Majani makavu hurundikana, mwanga haufiki shinani, na shina hufa. Baada ya moto na mvua huchipua upya, laini na zenye lishe. Mimea asilia mingi yenye vitunguu na viazi chini ya ardhi nayo hutoa maua wakati huo, inapopata mwanga.

Swali si iwapo moto uwashwe, bali wapi, lini na kwa ukubwa gani. Ndama wa korongo hufichwa na mama yake katika nyasi ndefu kwa takriban wiki 6 tangu azaliwe, na mama humrudia ili kumnyonyesha. Mbuga ikichomwa yote kwa mkupuo mmoja, ndama hukosa pa kujificha na fisi humwona kutoka mbali. Isipochomwa kabisa, mama hukosa majani mabichi. Kwa hiyo eneo hugawanywa vitalu: kimoja kimechomwa mwaka huu, kingine mwaka jana, kingine kina miaka 2 au 3. Korongo huzaa wakati wowote wa mwaka, na hivyo kitalu hupaswa kukaguliwa kwa miguu kabla ya kiberiti kuwashwa.

Kuna kosa la kufanya vitalu kuwa vidogo mno kwa kuogopa moto. Majani mabichi yanapoota kwenye kiraka kidogo, punda milia, kongoni na nyamera hukivamia wote kwa pamoja na kukila hadi udongo. Kiraka kikubwa huwatawanya. Taya, swala mdogo anayependa nyasi fupi zilizochipua, hunufaika pia.

Msimu nao una maana yake. Moto wa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu baada ya masika, huwa wa baridi na huacha viraka visivyoungua. Huo hufaa kutengeneza kinga za moto mpakani ili mashamba ya jirani yasalimike. Moto wa Januari au Februari, kabla tu ya masika, huwa mkali na ndio unaoweza kuikata miche. Mkunga wa kazi hii huanza upande ambao upepo unaelekea, akiacha moto urudi polepole kinyume na upepo hadi ukanda mweusi uwe mpana, ndipo awashe upande wa pili.

Hata moto huo mkali hauui kila kitu. Mgunga wenye vivimbe vinavyokaliwa na sisimizi, unaopenda udongo mweusi, huungua juu na kuchipua tena kutoka mizizini. Kazi ya moto ni kuubakisha chini ya kimo cha nyasi. Ukipewa nafasi ya miaka kadhaa, hupita urefu wa ndimi za moto, na kuanzia hapo haurudishwi ila kwa panga na jembe. Kufyeka bila kung'oa au kutibu visiki ni kupoteza mishahara ya vibarua, kwa sababu shina moja hurudi likiwa matawi matano. Lantana, mmea wa kigeni uliotoka Amerika ya kitropiki, ni mbaya zaidi: ndege huusambaza kwa kula matunda yake, majani yake ni sumu kwa ng'ombe, na vichaka vyake kandokando ya Ziwa Viktoria vimewahi kuwa maficho ya mbung'o. Mmea huo hung'olewa ungali mchanga, mzizi na yote.

Vichaka vya kandokando ya mito, kwa upande mwingine, havipaswi kuguswa. Ni makao ya chui na ndege wengi, na hushikilia kingo zisimomonyoke. Wasaidizi wengine wa kazi ni vifaru weusi waliohamishiwa Ruma mwanzoni mwa 2012, na twiga. Wote hula matawi na majani ya miti, na kila tawi wanalolivunja ni mwanga zaidi kwa nyasi.

Jambo moja linalostahili kusemwa waziwazi ni upandaji miti. Kampeni ya kitaifa ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032 ni jambo jema mahali pake. Uwanda wa nyasi asilia, hata hivyo, si shamba tupu linalongojea miche. Mbayuwayu wa samawati, ndege aliye hatarini ambaye huzaa katika nyanda za juu za nchi kama Tanzania, Malawi na Afrika Kusini, huja kukaa Ruma kati ya Aprili na Septemba kwa sababu kuna nyasi wazi za kuwindia wadudu. Miche ikipandwa hapo kwa nia njema, ndege huyo hatakuwa na sababu ya kurudi.

Funzo kuhusu maji linatoka mbali kidogo, katika Mbuga ya Kruger nchini Afrika Kusini. Wasimamizi wake walichimba visima na mabwawa katika nyanda za kaskazini, wakiamini wanawasaidia wanyama. Punda milia wakamiminika, simba wakawafuata, nao korongo wakapungua kutoka takriban 450 mwaka wa 1986 hadi takriban 45 mwaka wa 1993. Baadhi ya mabwawa yalifungwa mwaka uliofuata, lakini idadi haikurejea upesi. Waliosalimika vyema ni wale waliokuwa ndani ya eneo lililozungushiwa ua tangu 1967. Ruma haina wingi wa simba kama Kruger, lakini kanuni ni ile ile: korongo hustahimili vibaya msongamano, na ukarimu kwa wanyama wengi waweza kuwa adhabu kwa wachache.

Nyasi nzuri, bila shaka, hazimzuii jangili. Vitanzi vya waya vinavyotegwa kwa ajili ya nyama ya swala yeyote humnasa korongo vilevile, na doria ya kuviondoa haina mbadala. Majirani wakiruhusiwa kukata nyasi za kuezekea katika vitalu na siku zilizopangwa, huondoa sehemu ya nyasi kavu bila moto, na huwa macho ya ziada mpakani.

Kilichobaki ni kumbukumbu. Picha hupigwa kila mwaka mwezi ule ule, kutoka kigingi kile kile, ili kichaka kinachosonga kionekane kabla hakijawa msitu. Mbayuwayu huhesabiwa kila Aprili hadi Septemba. Na kwa idadi ndogo kama ile ya 2021, kila ndama wa korongo anayefikisha mwaka mmoja huandikwa daftarini pamoja na kitalu alikofichwa, na mwaka ambao kitalu hicho kilichomwa mara ya mwisho.