Muhamadi Kijuma na Mkono Ulioziandika Tenzi

Mwanafunzi wa fasihi kutoka Musoma, Bunda au Butiama anapoifungua Tenzi Tatu za Kale, iliyohaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapishwa na TUKI mwaka 1999, huusoma Utenzi wa Fumo Liyongo kwa herufi za Kirumi zisizoacha shaka yoyote. Nyuma ya chapa hiyo umo mkono wa mtu mmoja, Muhamadi bin Abubakari Kijuma wa Lamu. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba hatuwezi kuzihakiki tenzi za kale ipasavyo pasipo kuichunguza kazi ya mkono huo.

Kijuma alizaliwa yapata mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mchonga mbao na mtu wa ngoma, lakini kilichomfikisha mbali ni uzuri wa mwandiko wake. Mwaka 1913 alimwandikia Alice Werner utenzi wa Liyongo. Katika miaka ya 1930 alimnakilia tenzi William Hichens, mhariri wa Al-Inkishafi ya mwaka 1939, na pia Ernst Dammann, ambaye alisoma kwake lugha na tenzi za Lamu kabla ya kuchapisha diwani yake mwaka 1940. Miswada mingi ya Kijuma imehifadhiwa London na Ujerumani.

Kazi hiyo ilidai maarifa ya lugha. Hati ya Kiarabu katika umbo lake la asili haina herufi ya p wala v. Irabu ya chini husimamia i na e, na ya juu husimamia u na o. Neno lililoandikwa kwa ba na ta laweza kusomwa bata au pata; lenye fa laweza kuwa fua au vua. Baadhi ya waandishi wa pwani waliongeza nukta ili kupunguza utata huo, na mengine wakamwachia msomaji aijuaye lugha. Kwa hiyo kila chapa ya Kirumi ni tafsiri ya mhariri juu ya uamuzi wa mnakili. Kwa Kijuma suala ni zito zaidi, kwa kuwa katika Liyongo mnakili ndiye pia mtunzi, naye alitunga kwa ajili ya mgeni aliyetaka kuhifadhi masimulizi ya kale.

Wakati Kijuma angali akinakili, bara lilikuwa likijifunza kuandika kwa njia nyingine. Mwaka 1934 Julius Nyerere, mtoto wa Butiama, aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, akafundishwa kwa herufi za Kirumi. Mwaka 1963 tafsiri yake ya Shakespeare, Julius Caezar, ilichapishwa kwa herufi hizo hizo. Herufi hizo zimeieneza lugha kwa mamilioni, faida isiyokanushika. Lakini zimekifanya kizazi kizima cha wasomi kuitegemea chapa kama kwamba ndiyo asili.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayo miswada ya hati ya Kiarabu, ambayo J. W. T. Allen aliiorodhesha katika katalogi ya mwaka 1970. Mwanafunzi wa Mara asiyeweza kuisoma atabaki kuwategemea wahariri. Basi idara zetu za Kiswahili ziifundishe hati hiyo kama somo la lazima kwa kila anayekusudia kuhakiki tenzi.