Kuku hana kitambulisho

Ndugu zetu, leo tuongee juu ya vyeo: nani mkubwa, nani mdogo, na nani aliamua.

Wanyama nao wana vyeo. Miaka ya 1920, Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norwei aliandika alichokiona kwa kuku: wa kwanza anawadonoa wote, wa mwisho anadonolewa na wote. Huku kwetu Virunga, kundi la gorila linaongozwa na dume mwenye mgongo mweupe. Lakini akizeeka, dume mwingine anaweza kuchukua nafasi yake. Yaani cheo cha dume huyo kinadumu kadiri ya nguvu zake, na hakiandikwi popote.

Watu je? Katika Rwanda ya wafalme kulikuwa na ubuhake: bwana anakupa ng'ombe, wewe unamtumikia. Uonevu ulikuwepo, tusidanganyane. Ila Mhutu aliyetajirika kwa ng'ombe aliweza kuhesabiwa Mtutsi, na Kinyarwanda kina neno la jambo hilo: kwihutura. Mlango ulikuwa mwembamba, lakini ulikuwepo.

Wabelgiji wakaufunga. Mwaka 1933 na 1934 walihesabu watu, wakatoa vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mtoto akarithi neno la baba yake. Mwami Mutara III Rudahigwa alifuta ubuhake mwaka 1954, uhuru ukaja 1962, lakini neno lilibaki kwenye karatasi. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno hilo liliamua nani auawe. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, serikali mpya ililiondoa. Leo ukifika kwenye geti la wizara hapa Kacyiru utaombwa kitambulisho, lakini hakitaji kabila.

Sasa sisi wakimbizi. Tunadonoana pia: waliofika Kiziba 1996 na waliokuja juzi, wa kambini na wa mjini, anayejua Kiingereza na asiyejua. Hayo tunaweza kuyaacha wenyewe, tukitaka.

Na ninyi mnaotuhudumia, mnatupanga kwenye fomu kwa makundi. Tunaelewa, msaada hautoshi wote. Tunaomba kitu kimoja tu: fomu iseme mtu anahitaji nini mwaka huu, na mwaka kesho aulizwe tena. Isije ikawa jina lake la pili, halafu watoto wake wakalirithi.