Mkutubi Aliitangulia Kompyuta

Mwaka 1943 kituo cha utafiti wa pamba kilianzishwa Ilonga, mwendo mfupi kutoka mjini Kilosa. Mbegu zake zilipewa herufi IL, na baadaye mahindi na mikunde vikaingia kwenye mashamba ya majaribio. Kila msimu ulizaa ripoti. Ripoti isiyoweza kupatikana haimfai mkulima wala mtafiti, na katika maktaba za zama hizo njia ya kuifikia ilikuwa kadi ya katalogi: karatasi ngumu yenye upana wa sentimita 12.5 na kimo cha 7.5, iliyotobolewa chini ili fimbo ya chuma ipite na mtu asiichomoe ovyo kwenye droo.

Maktaba za umma zilipata bodi yake kwa sheria ya 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Kompyuta ilikuwa imeshafika nchini. Ile ICT 1500 iliyofungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965 ilikuja kwa ajili ya hesabu za serikali, si vitabu. Kisha mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, na mashine zikawa za kuombewa kibali.

Marufuku hiyo iliwachelewesha wakutubi wakati wenzao wa Marekani wakivuna matunda ya kazi ya Henriette Avram. Mama huyu, mtunzi wa programu, aliingia Library of Congress mwaka 1965 bila kuwa amesomea ukutubi. Alianza kwa kujifunza namna wakutubi wanavyoichambua kadi: mwandishi, kichwa cha kitabu, mchapishaji, mada. Muundo wa rekodi za katalogi za kompyuta, MARC, uliotokana na juhudi zake ungali unatumika hadi leo.

Afrika ilifunguliwa mlango mwaka 1985, UNESCO ilipotoa CDS/ISIS, programu ya kuhifadhi na kutafuta rekodi, ya kompyuta ndogo na kuigawa bure kwa taasisi zisizo za biashara. Programu hiyo ilikubali sehemu zenye urefu unaotofautiana, waandishi wawe mmoja au watano, na matoleo ya baadaye yalikuja na lugha yake ya kutungia programu, Pascal, hivyo mkutubi mwenye subira aliweza kuiongezea kazi. Mtunzi wa programu za maktaba aliweza kutokea hapo, kwenye meza ya katalogi.

Kilosa yenyewe inaonyesha kwa nini meza ile ina thamani. Katika ISIS, alama ya dola mwishoni mwa neno ilileta maneno yote yanayoanza kwa herufi zilezile, jambo lililoifaa sana lugha ya Kiingereza. Lakini anayetafuta habari za wenyeji wa milima ya Kilosa atakutana na Wakaguru, Mkaguru, Kikaguru na Ukaguru, huku vitabu vya mwanaanthropolojia T. O. Beidelman vikiandika Kaguru tupu. Kwa utafutaji wa namna hiyo, maneno haya hayakutani kamwe. Msimbo peke yake hapo haufui dafu. Mkutubi huteua jina moja la mada, kisha mengine yote huelekezwa kwenye jina hilo. Mtunzi wa programu hufuata uamuzi huo.

Mafunzo yamesogea karibu. Chuo cha ukutubi cha Bagamoyo kilianza mwaka 1989, na mwaka 1991 sheria iliifanya maktaba ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kuwa maktaba ya taifa ya kilimo. Koha, programu huria iliyoanza kazi New Zealand mwaka 2000, imeingia vyuo vikuu vya Tanzania, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, awe Kilosa au Mikumi.

Kijana wa huko anayetaka kazi ya kutunga programu za maktaba asikimbilie seva. Aombe kwanza kukaa na mkatalogi, aingize rekodi kwa mkono wake, aulize kwa nini kitabu hiki kimepewa mada ile, ndipo aandike mstari wa kwanza wa msimbo. Nao wakuu wa maktaba wampe ajira ya kudumu, kwa sababu mkataba unaokwisha pamoja na fedha za mradi huiacha katalogi bila mtu anayeijua.