Kalamu ya Tete

Tulipohamishiwa Kigoma kwa kazi ya serikali, tulikwenda na kalamu mpya mfukoni. Ilikuwa kalamu ya kujaza wino, nasi tuliinunua kwa fundi mmoja wa Dar es Salaam anayekereza mpingo. Nibu yake ilitoka ng'ambo, lakini mwili wake wote ulikuwa mpingo mtupu, umekerezwa na kupigwa msasa hata ukang'aa kama jiwe la mtoni. Bei yake hatutaitaja, kwa kuwa huenda wenzetu wa nyumbani wakaisoma insha hii.

Mtu aliyezoea kalamu za kutupa hawezi kuijua raha ya kalamu ya namna hii mpaka aishike. Haitaki kukandamizwa. Wino hushuka wenyewe, mkono hutulia, na mwandiko wa mtu hujirekebisha pasipo kulazimishwa. Jioni nyingi tulikaa tukiandika mashairi kwa kalamu ile, na mengine, twakiri, tuliyaandika kwa ajili ya kuifurahia kalamu tu, si kwa kuwa tulikuwa na neno la kusema.

Siku moja tulikwenda Ujiji kumwamkia mzee mmoja, mwalimu wa chuo, ambaye amewasomesha watoto Kurani kwa miaka mingi. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kahawa, tukamwonyesha kalamu yetu. Aliigeuzageuza, akaifungua kifuniko, akaitazama nibu kwa karibu.

"Nzuri, mwanangu," akasema. "Lakini hii umeinunua. Sisi zetu tulikuwa tukizichonga."

Ndipo akamtuma mjukuu wake alete kipande cha tete kilichokauka. Matete si kitu cha kutafutwa mbali huko. Yamejaa kandokando ya ziwa, hasa pale Mto Luiche unapomwaga maji yake kusini ya Ujiji. Mzee alishika kisu kidogo kikali, akalikata tete kwa mshazari, akakwangua nyama laini ya ndani, kisha akaipasua ncha katikati kwa mpasuo mwembamba. Mwisho aliiweka ncha juu ya kipande cha mfupa akaikata kwa pigo moja, mkato uliolala upande kidogo. Kazi hiyo yote haikupita dakika tano.

Kila mkato una sababu yake. Mpasuo ndio unaovuta wino kuupeleka karatasini. Bila huo wino hudondoka kwa matone. Upana wa ncha ndio upana wa herufi. Ule mkato wa kulala upande ndio unaoipa hati ya Kiarabu unene na wembamba wake. Na wino wenyewe haukununuliwa: masizi ya taa yalisagwa pamoja na gundi ya mgunga na maji, yakatiwa katika kidau chenye pamba au nyuzi za hariri, ili kalamu isichote wino kupita kiasi.

Hata neno lenyewe latueleza asili yake. Kalamu tumeipokea kutoka Kiarabu, qalam, nalo hilo linarudi kwenye kalamos la Kiyunani, ambalo maana yake ni tete. Basi tusemapo "kalamu ya tete" twalitaja tete mara mbili. Na wazo la kalamu inayobeba wino wake tumboni si la jana wala halikuzaliwa Marekani. Kadhi al-Nu'man aliandika kwamba katika karne ya 10 Khalifa al-Mu'izz wa Wafatimiya alitaka kalamu isiyohitaji kuchovywa, ambayo mtu aweza kuipindua isimwage wino, na fundi akamtengenezea. Lewis Waterman wa New York alipata hataza ya kalamu yake mwaka 1884. Jambo alilofanikiwa nalo ni kuchonga vijia vyembamba chini ya nibu, ili hewa iingie kadiri wino unavyotoka.

Tunawaeleza walimu na wanafunzi habari hizi kwa sababu moja. Ujiji hufundishwa madarasani kama mahali palipoandikwa na wageni. Burton na Speke walifika Februari 1858, Livingstone alifika Machi 1869, Stanley alimkuta hapo mwaka 1871, Cameron akaja mwaka 1874 akazikuta karatasi za Livingstone na kuzipeleka pwani. Kila mmoja alikuwa na daftari lake, na madaftari hayo ndiyo tunayosoma. Mwanafunzi humaliza somo akidhani kwamba kalamu iliingia Ujiji mikononi mwa wageni hao. Sivyo hata kidogo. Walipofika waliwakuta wafanyabiashara wa pwani na Waarabu wanaoandikiana barua kutoka Ujiji mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka Bagamoyo na Unguja, na wengine ng'ambo ya ziwa mpaka Manyema.

Kupeleka barua ndiyo iliyokuwa kazi, kuliko kuiandika. Mwaka 1869 Livingstone aliandika hapo Ujiji kifurushi cha barua zipatazo arobaini, nazo hazikufika. Yeye mwenyewe alieleza kwamba wafanyabiashara wa mji waliogopa kuzichukua barua zake, wasije wakafichuliwa matendo yao. Na walikuwa na haki ya kuogopa, kwa maana biashara ya Ujiji haikuwa chumvi ya Uvinza, mafuta ya mawese na pembe za ndovu tu. Ilikuwa pia biashara ya watu. Hatutaki msomaji aione kalamu ya tete kama chombo cha usafi. Kalamu iliyoandika salamu na dua ndiyo iliyohesabu watumwa.

Stanley naye alipofika Ujiji alimletea Livingstone mfuko wa barua wenye tarehe ya 1 Novemba 1870. Kwa hesabu ya Stanley siku ile ilikuwa Novemba 1871. Mwaka mzima ulikuwa umepita barua zikiwa bado njiani. Livingstone aliuweka mfuko magotini, akachagua barua moja au mbili za watoto wake akazisoma, kisha akaanza kuuliza habari za ulimwengu. Kila mtu aliyepata kupangiwa kituo cha mbali na kwao ataelewa jambo hilo bila kuelezwa.

Lakini kisa kinachotugusa zaidi, sisi wapenda kalamu, ni cha miezi michache kabla ya hapo. Livingstone alipokuwa Manyema karatasi zilimwishia na wino pia. Akatwaa gazeti la Kiingereza, akaandika kwa kukatiza mistari iliyokwisha kuchapwa, kwa wino uliotolewa katika mbegu za mmea wa huko. Katika kurasa hizo ndimo alimoandika mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871, ambapo mamia ya watu waliuawa, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula. Wino ule ulififia hata haukusomeka vyema kwa macho. Wataalamu walizipiga picha kurasa hizo kwa mianga ya rangi mbalimbali, na mwaka 2011 maneno yake yakatolewa hadharani. Angalieni kazi iliyofanywa ili kuyaokoa maandishi ya mtu mmoja!

Je, maandishi ya wenyeji wake? Wino wa masizi haufifii kwa mwanga kama ule wa mbegu; adui zake ni maji na mchwa. Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, alipoombwa na Heinrich Brode aeleze maisha yake, aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na habari zake zikachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Zimo ndani yake safari za bara na watu wa ziwani. Mwaka 1892 C. G. Büttner alikwisha kuchapa huko Ujerumani mkusanyo wa barua na maandiko ya Kiswahili ya hati hizo. Na katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, zimo barua za Kiswahili zilizoandikwa Kongo ya mashariki mwishoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo mwenye kutaka kuziona barua za upande wa pili wa ziwa letu hana budi kupanda ndege.

Kilichofuata hapa kwetu chajulikana. Wajerumani waliendesha utawala kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi. Reli ikafika Kigoma mwaka 1914, na barua ya miezi ikawa barua ya siku chache. Shule za Waingereza zikaleta kalamu za kuchovya za nibu ya chuma, na madawati yenye tundu la kuwekea kidau. Hati za Kiarabu zilibaki chuoni, na hata huko zilibaki kwa ajili ya Kurani. Hapakutungwa amri ya kutukataza kuandika Kiswahili kwa hati hizo. Tuliacha tu, nyumba baada ya nyumba.

Turudi kwa mzee wetu. Tulipotaka kuujaza wino wake wa masizi katika kalamu yetu ya mpingo, alituzuia mkono. "Utaiua," akasema, na kweli tulikuwa karibu kuiua: masizi ni punje, na punje zikikauka katika vile vijia vyembamba huziba kabisa. Tukaandika kwa tete. Mstari wa kwanza ulijaa madoa kama wa mtoto, naye akacheka mpaka akakohoa.

Kisha aliingia ndani akatoka na kisanduku cha mbao. Ndani zilikuwamo barua za babu yake. Tulizishika kwa uangalifu. Wino ulikuwa mweusi kana kwamba umekauka juzi, na hati yenyewe ilikuwa nzuri, ya mtu aliyeijua kalamu yake. Nasi, tuliosoma hata sekondari, tuliotunga mashairi ya Kiswahili na kuyaona yamechapwa, hatukuweza kusoma hata neno moja. Lugha ilikuwa yetu. Macho ndiyo yaliyokuwa ya mgeni.

Mzee akatusomea. Ya kwanza ilikuwa salamu nyingi, na ombi la kuletewa karatasi. Ya pili ilikuwa habari ya mizigo ya chumvi iliyolowa njiani, na lawama kwa wapagazi. Ya tatu ilimshinda kuimaliza. Mchwa walikuwa wameila upande wa kulia toka juu hata chini, na kwa hati hizo upande wa kulia ndiko mstari unakoanzia. Mzee aliisogeza karibu na dirisha, akaanza kusoma kila mstari kutoka katikati.