Frasila mbili na magurudumu manne

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Bagamoyo kwenda Tabora katika karne ya 19 kwa kawaida alibebeshwa frasila mbili. Frasila ya Unguja ilikuwa ratili 35, kwa hiyo mbili zinafika ratili 70, na kwa vipimo vya leo hizo ni kilo 32 kasoro kidogo. Wabeba pembe za ndovu walizidisha, tena kwa majigambo. Lakini shanga, vitambaa vya merikani na nyaya za shaba zilifungwa kwa kipimo hicho, maana ndicho alichoweza mtu kukitembeza kichwani au begani wiki baada ya wiki bila kukitupa porini.

Sasa nenda kwenye kaunta ya shirika kubwa la ndege, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe, uweke kwenye mzani begi la kilo 33. Hata ukiwa na fedha za kulipia uzito wa ziada, utaambiwa ulifungue, upunguze. Kilo 32 ndiyo mwisho wa begi moja, na kikomo hicho kiliwekwa kwa ajili ya migongo ya wanaopakia. Hakuna aliyekwenda Tabora kuuliza, lakini vipimo vimekutana palepale.

Abiria wengi hudhani kwamba begi likishapotea nyuma ya mapazia ya mpira, mashine hulimaliza. Kwenye ndege kubwa za masafa marefu, ni kweli, mabegi hupangwa ndani ya makontena. Kwenye ndege kama Boeing 737 hupakiwa mojamoja kwa mikono: mtu hupiga magoti ndani ya tumbo la ndege, kichwa amekiinamisha kwa sababu dari ni fupi, akipokea begi na kulisukuma nyuma. Mpagazi hajaondoka. Amefichwa tu.

Niliyafikiria hayo mwezi uliopita nilipomsindikiza shangazi yangu Kariakoo kununua begi. Anakwenda Muscat kumtazama binti yake aliyejifungua, na safari zake zote za nyuma alisafiri na begi lile la mistari linaloitwa, kwa kumtania yeye na wenziwe wote, shangazi kaja. Safari hii binti ameshasema kwa simu: mama, nunua begi la magurudumu.

Kabla ya begi palikuwa na kasha. Kwenye mwambao wetu makasha ya mbao ngumu, yaliyopigwa misumari na mabamba ya shaba, mengi yakiwa kazi ya mafundi wa Bombay na Surat, yalisafiri kwa majahazi na upepo wa kaskazi. Ndani mlikuwa na visanduku vya siri vya fedha, na nguo zilizofukizwa udi. Kasha halikutengenezwa libebwe na mwenyewe. Lilishushwa gatini na mahamali, watu wawili kwa mpiko, na likifika nyumbani lilikaa hapo miaka hamsini. Uzito wake ulikuwa sehemu ya heshima yake.

Ulaya nako mambo yalikuwa hayohayo. Masanduku ya safari yalikuwa na vifuniko vya mgongo ili mvua iteleze, kwani yalifungwa juu ya magari ya farasi. Zikaja treni na meli za moshi, mizigo ikaingia ndani, na ule mgongo ukawa kero, maana sanduku halipandi juu ya jingine. Louis Vuitton, fundi wa masanduku aliyefungua duka lake Paris mwaka 1854, akatoa miaka minne baadaye sanduku bapa lililovikwa turubai. Watu leo wanalijua jina hilo kwa mikoba ya fahari, tena mara nyingi ya bandia. Utajiri wake ulianza kwa jambo la kimakuli kabisa: namna ya kupanga mizigo stoo.

Ndege ndiyo iliyoliua kasha. Shirika la Imperial Airways lilifikisha safari zake Mwanza mwaka 1931, na mwaka uliofuata likafika Cape Town. Kuanzia 1937 ndege zake za majini zilitua Kisumu, kisha Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, zikielekea Durban. Katika safari za zama zile abiria alipandishwa mzanini pamoja na mizigo yake, kwa kuwa ndege haikujali kama kilo ni ya nyama au ya viatu. Baadaye ikawa desturi ya kimataifa kwamba wa daraja la kawaida ana kilo 20 na wa daraja la kwanza kilo 30. Ukiwa na kilo 20, kasha tupu linakumalizia haki yako yote kabla hujatia hata leso.

Sheria nayo ilifikiri kwa mzani. Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929 ulisema mzigo uliopotea utalipwa kwa uzito, hadi faranga 250 za dhahabu kwa kila kilo. Kilo ya mihogo mikavu na kilo ya hariri, kikomo kimoja.

Viwanda vikaanza kutafuta sanduku jepesi lisilopondeka, na hapo miji miwili inastahili kutajwa. Köln, Ujerumani, kiwanda cha ukoo wa Morszeck kilichoanza 1898 kwa mbao kiligeukia aluminiamu mwaka 1937, na mwaka 1950 kikalipa bati hilo mifereji sambamba kama ya ndege za Junkers. Ndiyo Rimowa ya leo. Mifereji ile si pambo: bati jembamba likikunjwakunjwa hukataa kupinda, kama anavyojua kila aliyeezeka nyumba kwa mabati.

Mji wa pili ni Denver, Colorado. Jesse Shwayder alianzisha kiwanda chake huko mwaka 1910, akaliita sanduku lake Samson, kwa jina la yule mwenye nguvu wa kwenye Biblia, na kutoka hapo likaja jina Samsonite. Tangazo lake la zamani linaonyesha wanaume wa familia, suti na tai, wamesimama juu ya ubao uliolazwa juu ya sanduku moja. Mnunuzi alikuwa anaambiwa: sisi sote, na halikuvunjika. Kichekesho ni kwamba mji huohuo ndio uliojenga uwanja wa ndege wenye mtambo wa kompyuta wa kusafirisha mabegi peke yake, bila wachukuzi. Walipowaita waandishi wa habari kuuona mwaka 1994, mtambo ulirusha mabegi, ukachana, ukatawanya nguo. Uwanja ulifunguliwa Februari 1995, miezi 16 baada ya siku iliyopangwa, na mwaka 2005 mtambo wenyewe ukaachwa, wakarudi kwenye vigari na madereva.

Sasa gurudumu. Hilo ndilo linaloulizwa kila mara: imekuwaje binadamu aliyekuwa na gurudumu kwa maelfu ya miaka abebe begi mkononi hadi juzi? Mwaka 1970 Mmarekani Bernard Sadow, ofisa wa kampuni ya mabegi huko Massachusetts, alikuwa anarudi na familia yake kutoka Aruba, mabegi mawili mazito mikononi. Uwanjani akamwona mfanyakazi akisukuma mashine nzito juu ya jukwaa la magurudumu, bila jasho. Akarudi kiwandani, akafunga magurudumu manne madogo chini ya begi na mkanda wa kuvutia, na mwaka 1972 akapewa hataza. Maduka makubwa ya New York yalimkataa kwanza. Waliamini mwanamume hatakubali kuonekana akiburuta begi, na mke ana mume wa kumbebea. Hatimaye duka la Macy's likakubali kuliuza.

Begi la Sadow lilivutwa kwa mkanda kama mbuzi mkaidi na lilipenda kuanguka ubavu. Aliyelisimamisha ni rubani, Robert Plath wa Northwest Airlines, aliyerusha Boeing 747. Mwaka 1987 aliweka magurudumu mawili kwenye pembe ya chini na mpini mrefu unaochomoka, begi likasimama wima na kufuata nyuma kwa mshazari. Aliwauzia kwanza marubani na wahudumu wenzake. Abiria wakawaona wanavyokatiza ukumbi kwa wepesi, wakataka nao, na Plath akaanzisha kampuni ya Travelpro.

Mimi sioni kwamba watu walikuwa wajinga kabla ya 1970. Gurudumu halikuhitajika kwa sababu bega la mtu mwingine lilikuwepo, tena kwa bei rahisi. Wachukuzi walipopungua kwenye vituo vya Ulaya na Marekani, viwanja vikarefuka hadi kutembea robo saa kufika mlangoni, na wanawake wakasafiri peke yao kikazi, ndipo gurudumu lilipoonekana werevu.

Kwetu bega halijapungua, ndiyo maana begi la watu wengi hadi leo halina gurudumu. Mwanafunzi wa bweni alikwenda na tranka la bati na kufuli ya Solex. Msafiri wa basi alikwenda na shangazi kaja, ambalo ni kitambaa cha nyuzi za plastiki kilekile cha salfeti, kilichopewa zipu, mistari na mikono. Mfuko huo unajulikana dunia nzima, na mahali pengi una jina la watu wanaohama. Afrika Magharibi wanauita Ghana Must Go, tangu Nigeria ilipowafukuza wahamiaji, wengi wao Waghana, mwanzoni mwa mwaka 1983, wakafunga maisha yao humo. Kiswahili kimekuwa na huruma zaidi: kimemweka ndani yake shangazi, ambaye haji mikono mitupu.

Na kwa mzani, shangazi kaja halina mpinzani. Halifiki hata kilo moja. Nililisema hilo dukani, Mtaa wa Kongo, muuzaji akanitazama kama adui.

"Shikamoo mama," akamgeukia shangazi, akiniacha. "Hili ni polikaboneti. Halivunjiki. Simama juu."

"Marahaba mwanangu. Nisimame juu ya begi, kwani mimi naenda nalo au naenda juu yake?"

Muuzaji hakuwa amesikia habari za ukoo wa Shwayder, wala shangazi. Shangazi akalinyanyua likiwa tupu, kwa vidole viwili, akalirudisha chini. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko maandishi yote ya kwenye lebo. Begi tupu la kilo nne na nusu limekula karibu moja ya tano ya kilo 23 zako. Kwa la mkononi ni balaa zaidi: mashirika mengi huruhusu kilo saba, na begi gumu la kupendeza laweza kuwa tatu. Urefu nao hupimwa pamoja na magurudumu na mpini, jambo ambalo muuzaji husahau kulitaja.

Magurudumu manne yanayozunguka kila upande ni raha kwenye marumaru ya Dubai. Mawili makubwa ya mpira, yaliyojificha nusu ndani ya begi, ndiyo yanayostahimili kokoto za kwetu, na hayavunjiki kirahisi begi linapotupwa. Zipu ya plastiki hupenywa kwa ncha ya kalamu ya kawaida na kufungwa tena bila alama, ndiyo maana watu hulipia kuzungushiwa nailoni. Kufuli zenye tundu la ufunguo wa wakaguzi wa Marekani zilianza 2003. Mwaka 2014 gazeti la Washington Post lilichapisha picha iliyoonyesha funguo kuu zenyewe, na mwaka uliofuata watu walikuwa wanazichonga nyumbani kwa printa. Kufuli hiyo inamzuia mwizi mvivu tu.

Kuna mambo yaliyobadilisha begi kwa ndani bila kuligusa kwa nje. Njama ya London ya Agosti 2006, ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji, ndiyo iliyotuletea chupa za mililita 100. Tangu 1 Juni 2019 anayeingia Tanzania hatakiwi kuja na mifuko ya plastiki ya kubebea, kwa hiyo wageni hujifunza kufunga viatu kwa kitambaa, jambo ambalo bibi zetu walilifanya kwa kanga.

Karatasi inayofungwa kwenye mpini nayo ina umri wake. Lebo ya vipande viwili, kimoja cha mzigo na kimoja cha abiria, ilipewa hataza mwaka 1882, mvumbuzi akiwa John Michael Lyons wa Moncton, Canada, kwa ajili ya reli. Leo ina herufi tatu za mwisho wa safari, MCT kwa Muscat, na msimbo wa tarakimu kumi. Bandua lebo ya safari iliyopita, mashine isije ikasoma ya zamani. Na ukitunze kipande chako: chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania, Kenya na Oman zimo, hesabu ya kilo ilifutwa na kikomo kikawa cha abiria, tangu mwisho wa 2024 kikiwa uniti 1,519 za hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Lililoharibika liripoti kwa maandishi ndani ya siku saba, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa.

Shangazi alichukua la kitambaa, jeusi, lenye magurudumu mawili, akashusha bei hadi muuzaji akaapa kwamba anampa bure. Akafunga utepe wa kanga nyekundu kwenye mpini ili alitambue kwenye mkanda wa Muscat.

Tukatoka nalo. Barabarani palikuwa na nyanya zimepangwa chini, mkokoteni umekwama, dimbwi, pikipiki mbili. Shangazi alilivuta hatua nne, gurudumu likaingia kwenye ufa. Kijana mmoja alikuwa ameshafika, hata hakuuliza. Walielewana bei kwa macho, akalitwaa begani, magurudumu yakitazama juu, na sisi tukamfuata hadi kituoni.