Damu Iliyosafiri Kwenye Themosi

Mwishoni mwa Septemba 1976, abiria mmoja aliyetoka Kinshasa alishuka Ubelgiji na themosi ya bluu kwenye mzigo wake, kama zile tunazotilia chai. Ndani mlikuwa na barafu iliyokwisha kuyeyuka nusu na vichupa viwili vya damu ya mtawa wa Kibelgiji. Kimoja kilikuwa kimepasuka njiani. Katika maabara ya Antwerp, Peter Piot, kijana wa miaka 27, na wenzake waliifungua wakiwa na makoti ya pamba na glavu tu. Barakoa hakuna.

Hadithi ya Ebola huanzia hapo kwa kawaida, na hapo ndipo inapokosewa.

Maana damu ile kuna aliyekwenda kuitafuta. Watu walipoanza kufa kwa homa huko Yambuku, kaskazini mwa Zaire (Kongo ya sasa), serikali ilimtuma Dkt. Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi. Aliwatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu. Kila alipochomoa sindano, damu iliendelea kuchuruzika hadi ikamtapakaa vidoleni. Akanawa kwa maji na sabuni. Huenda sabuni hiyo ndiyo iliyomponya. Kisha akamshawishi mtawa mmoja mgonjwa warudi wote Kinshasa; damu ya mtawa huyo ndiyo iliyosafiri kwenye themosi.

Toka Antwerp sampuli zilipelekwa Porton Down, Uingereza, na Atlanta, Marekani, ikathibitika kuwa kirusi ni kipya. Oktoba tume ya kimataifa ikakutana Kinshasa chini ya Mmarekani Karl Johnson. Jina wakalichukua kwenye mto Ebola, ili kijiji kisibaki na doa. Walichokigundua Yambuku kinauma: hospitali ya misheni ilikuwa ikitumia sindano tano kwa siku nzima, zikisuuzwa tu kabla ya kumchoma mgonjwa mwingine. Waliougua walikuwa 318, wakafa 280.

Tume ilifanya kazi ya maana, sibishi. Ila kwa miaka mingi sifa za ugunduzi zilibaki Ulaya na Marekani, na Muyembe akawa mtu wa pembeni.

Mwaka 1995 Ebola ilipozuka katika mji wa Kikwit, nchini humohumo, aliwaongezea wagonjwa wanane damu ya watu waliopona. Saba wakapona. Wenzake wa ng'ambo walitia shaka, lakini baadaye damu ya manusura mmoja wa Kikwit ndiyo iliyozaa dawa ya mAb114, kazi ya taasisi yake ya utafiti, INRB, pamoja na watafiti wa Marekani. Ilijaribiwa wakati wa mlipuko wa Kivu Kaskazini, kwa Waswahili wenzetu wa Beni na Butembo, na Agosti 2019 ikatangazwa kuwa mojawapo ya dawa mbili zilizookoa wengi zaidi.

Mwaka huohuo Muyembe alisema sampuli zote za Ebola zitabaki Kongo. Anayetaka kuzichunguza, apande ndege aende kwake.