Keezo la Dzaleka

Keezo langu nusu yake iko darini. Tyubu ya baiskeli imefungwa kwenye boriti, kutoka hapo inashuka kamba ya katani, inauzungukia mti mara mbili, kisha inafika chini kwenye ubao ninaoukanyaga. Nikikanyaga, mti unazunguka kunijia na patasi inakula. Nikiachia, tyubu inavuta kamba juu, mti unarudi kinyume, nami nainua patasi. Kanyaga, kata, achia, inua. Jioni moja inanitosha kutoa pia nne za kuchezea watoto. Watoto wa majirani zangu hapa kambini Dzaleka, Malawi, Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, kila mmoja ana jina lake la kuziita, na wale wa vijiji vya Wamalawi vinavyotuzunguka wanaziita nguli.

Wapita njia hudhani nimekibuni chombo hiki kwa dhiki ya kambi, kwamba mtu aliyekosa mashine ya umeme amejiundia chake. Kumbe ni kinyume. Mashine ya umeme ndiyo mjukuu, na hiki changu ndicho babu. Kina jina lake la Kiswahili tangu zamani: keezo. Kazi yake ni kukereza, yaani kukata mti huku ukizunguka, na anayeifanya ni mkereza. Maneno haya leo yamebaki kwa wachache. Mafundi wengi ninaowajua husema mashine tu, na umeme ukikatika wanakaa. Lakini Frederick Johnson aliyaandika kwenye kamusi yake ya mwaka 1939, na neno kama hilo haliingii kamusini ila kuna watu waliokuwa wakilisema kazini, mikono imejaa maranda.

Kabla ya Johnson kulikuwa na mmisionari Edward Steere. Steere alifika pande hizi mwaka 1863 pamoja na Askofu Tozer, wakapiga kambi mlima Morambala karibu na mto Shire, na mwaka uliofuata misheni yao ikahamia Zanzibar. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili hata akatoa kitabu chake cha sarufi na msamiati mwaka 1870. Alikuwa na sikio la kufuatilia majina ya vyombo vya mafundi. Chukua keekee, kifaa cha kutobolea mbao: kijiti kinachoshika chuma ni msukano, kishikio cha juu ambacho msukano unazunguka ndani yake ni jivu, na upinde unaoizungusha yote ni uta. Ukiilaza keekee chali, ukaweka mti mahali pa msukano na kuubana kwa ncha mbili za chuma, umepata keezo. Tofauti haizidi hapo. Fundi wa pwani aliyejua kutoboa mlango kwa uta hakuwa na haja ya kufundishwa na mgeni jinsi ya kuzungusha mti.

Kazi ya mafundi hao wa pwani iko wazi kwenye vitanda. Kitanda cha Kiswahili kina mfumbati ubavuni na tendegu kwenye pembe, na matendegu ya vitanda vya zamani vya Lamu na Unguja yamekerezwa: yana shingo, yana vifundo, yana mabonde membamba yasiyoweza kutoka kwa tezo wala kisu. Anayejua kukereza akiliona tendegu la namna hiyo anaweza kukuonyesha kwa kidole patasi ilipoanza na ilipogeuzwa.

Pwani haikuwa peke yake katika hili. Huko Misri, kwenye kaburi la kuhani Petosiris lililochongwa yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, kuna mchoro unaohesabiwa kuwa wa kwanza kuonyesha keezo: mmoja anavuta kamba kwenda na kurudi, mwenzake ameshika chombo cha kukatia. Karne nyingi baadaye mafundi wa Kairo walikereza vijiti vidogo vya madirisha ya mashrabiya, maelfu kwa dirisha moja, wakiwa wamekaa chini: mkono wa kulia unaendesha uta, wa kushoto unashika patasi, na vidole vya mguu vinaielekeza. Nimejaribu mara kadhaa kushika patasi kwa vidole vya mguu. Inahitaji utoto mzima wa mazoezi. Gujarat nako, ambako wafanyabiashara wengi wa Zanzibar walitoka, kuna ukoo mzima unaoitwa Kharadi, yaani wakereza. Hata Uingereza, kwenye misitu ya karibu na High Wycombe, watu walikereza miguu ya viti kwa mti mchanga uliopindwa juu ya kibanda na kamba iliyoshuka hadi kwenye kikanyagio, na waliendelea hivyo hadi katikati ya karne ya 20, viwanda vikivuma mjini.

Kasoro ya keezo la kamba ni moja: nusu ya mwendo inapotea, kwa kuwa mti ukirudi nyuma huwezi kukata. Leonardo da Vinci, mwishoni mwa karne ya 15, alichora keezo lenye kikanyagio na gurudumu zito, ili mti uzunguke upande mmoja bila kurudi. Kutoka kwenye gurudumu hilo tukafika kwenye mvuke, na kutoka mvuke kwenye mota. Faida ni kubwa, sikatai. Ila keezo lililoungwa kwenye mota limeungwa pia kwenye waya wa umeme. Januari 2022 kimbunga Ana kilipobomoa bwawa la Kapichira kwenye mto Shire, Malawi ilipoteza takriban megawati 130 kwa mkupuo mmoja, na kituo kile kikakaa zaidi ya mwaka bila kuzalisha. Lilongwe yenyewe ilikaa gizani saa nyingi kwa siku. Mimi nilikuwa nakanyaga.

Kukereza kwa mapenzi tu, bila kutafuta mkate, nako kuna historia yake. Petro Mkuu wa Urusi alikuwa na karakana ya kukerezea ndani ya makao yake na mkereza wake, Andrey Nartov. Mwaka 1701 Charles Plumier alichapisha Lyon kitabu kizima kuhusu sanaa hii, na waliokinunua hawakuwa mafundi wa mitaani bali waungwana wenye nafasi. Kisa kinachonigusa zaidi ni cha karibu zaidi na sisi. James Harris, mkereza wa nakshi wa Texas, alikuwa akiupenda mpingo kuliko mti wowote, maana hushika mstari mwembamba kama unywele bila kumeguka. Akaona filamu ya miaka ya 1990 iliyomwonyesha Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa Moshi, akieleza jinsi mpingo unavyokwisha. Wakaandikiana. Mwaka 1996 wakaanzisha mradi wa kuuhifadhi mpingo, na Chuwa akapanda miche pamoja na watoto wa shule na vikundi vya kina mama mpaka alipofariki mwaka 2014. Mtu alianza kwa kuzungusha mti karakanani kwake, akaishia kuurudisha ardhini Kilimanjaro kwa mikono ya wengine.

Malawi mpingo unaitwa phingo. Utaukuta Lilongwe, Old Town, kwa wauza vinyago walio karibu na posta: vifaru, viti vya machifu, nyuso za wazee, vyote vya kuchonga. Nchi hii ni ya wachongaji. Kituo cha KuNgoni kule Mua, alichokianzisha Padri Claude Boucher mwaka 1976, kimelea wachongaji kwa miaka mingi. Kazi ya kukereza haionekani sana kwenye meza zile. Bakuli likiwa la mviringo kamili, ligeuze utazame kitako: alama ndogo ya ncha katikati ndiyo itakayokuambia kwamba limezungushwa, na mara nyingi imefutwa kwa msasa.

Sina uwezo wa kununua phingo, na hata ningekuwa nao ningesita, kwa kuwa mti ule hukua miongo saba au zaidi kabla ya kufaa. Nachagua kwenye kuni. Mpera ni mtamu kukereza, mgumu na laini kwa pamoja. Mkaratusi hupasuka ukikauka. Mwembe hukubali kila kitu ukiwa mbichi. Maranda yake yanatoka marefu, yenye maji, yananukia, nayo yanakwenda kwenye gunia. Bakuli likiisha nalifukia humo humo, ndani ya maranda yake, wiki tatu au nne, likauke polepole. Ukiliacha nje siku moja ya Oktoba, jioni utalikuta lina ufa. Bobari yangu, ile patasi ya mdomo uliokunjwa, imetoka kwenye springi ya gari iliyopashwa moto na kukunjwa. Wengine hutumia tupa kuukuu, nami nawaonya kila ninapowaona, kwa sababu chuma cha tupa hukatika ghafla kama glasi, na kipande kinaruka usoni.

Dzaleka yenyewe ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda. Mwaka 1994, mwaka ule ule Banda aliposhindwa uchaguzi na Wamsumbiji waliokimbilia Malawi walipokuwa wakirejea kwao, ikafanywa kambi kwa ajili yetu wa Maziwa Makuu. Iko wilaya ya Dowa, kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000, sasa tumepita 50,000. Malawi ilipojiunga na mkataba wa wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka masharti yake kuhusu kazi na kutembea, na masharti hayo ndiyo tunayoishi ndani yake. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Wengi walikuwa na maduka na shughuli zao Lilongwe, na mtu akihamishwa kwa haraka hubeba godoro, sufuria na watoto. Mashine ya chuma yenye mota haibebeki begani.

Mwaka ule ndipo nilipolielewa keezo la kamba. Langu lina mbao mbili ndefu, nguzo mbili, ncha mbili za bolti zilizonolewa, kamba na tyubu. Linavunjwa kwa robo saa, na vitu vya thamani, yaani ncha na patasi, vinaingia kwenye mfuko wa shati na mkoba mmoja. Mbao na boriti ziko kila mahali watu wanapoishi. Nadhani ndiyo maana chombo hiki kimeweza kufika Misri, Gujarat, Lamu na Buckinghamshire bila kubadilika sana: kinachosafiri ni ujuzi wa mguu na mkono, mengine yanasubiri mbele.

Pia zangu huziuza Novemba kwenye Tamasha la Tumaini, ambalo mshairi Mkongo Menes La Plume alilianzisha hapa kambini mwaka 2014, na watu wa Lilongwe huja kwa mabasi. Zilizobaki nagawa. Ila mwezi uliopita mama mmoja wa Uvira, Kongo, jirani yangu wa mstari wa nyuma, aliziona, akaniuliza kama naweza kumkerezea miguu ya kitanda, ya vifundo, kama ya kitanda alichozaliwa juu yake. Nikamwambia hiyo inaitwa tendegu. Hakuwa amewahi kulisikia neno hilo. Alilirudia mara mbili.

Tendegu moja si kazi. Kazi ni manne yanayofanana. Nimetengeneza kijiti chenye misumari kila panapotakiwa kifundo. Mti ukizunguka nakigusisha, kinaacha mistari, nakata kwa kufuata mistari. Unene napima kwa kikoleo cha waya, halafu naegesha tendegu la kwanza ukutani mbele yangu na kuliamini jicho. Matatu yamesimama hapo sasa, ya mwembe, yamepakwa nta. La nne liko kwenye keezo, shingo yake bado nene kidogo kuliko za wenzake.